Kibali cha kuingia Manipur: ukuta wa chai wa 1873 na wenyeji waliokuja kuudai miaka 146 baadaye

Tarehe 11 Desemba 2019 Rais wa India alisaini amri fupi ambayo huku kwetu karibu hakuna aliyeisikia, lakini Imphal, mji mkuu wa jimbo la Manipur kule kaskazini mashariki ya India, ilipokelewa kama ushindi wa vita. Amri ilisema Manipur sasa inaingia ndani ya mstari unaoitwa Inner Line, na kuanzia 1 Januari 2020 mtu yeyote asiye wa Manipur akitaka kuingia lazima awe na kibali. Na hapa tunaongelea raia wa India, wageni wa nje wana sheria zao nyingine. Mtu wa Delhi au Kolkata, anapiga kura kwenye nchi hiyohiyo, anashuka ndege Imphal au anafika kwa barabara geti la Mao au Jiribam, na kabla hajaenda popote anapita kaunta kuchukua karatasi ya kumruhusu kuwa kwenye jimbo lingine la nchi yake.

Sheria iliyotumika haikutungwa 2019. Ni kanuni ya mwaka 1873, Bengal Eastern Frontier Regulation, iliyotungwa na Waingereza walipokuwa wanatawala India kutokea Calcutta, ambayo leo ndiyo Kolkata. Yaani nchi imepata uhuru 1947, na miaka 72 baadaye inachukua sheria ya mkoloni na kuipeleka sehemu ambayo mkoloni mwenyewe hakuwahi kuipeleka, na waliopigania hilo kwa miaka ni wenyeji wenyewe. Ndio maana nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kirefu. Msimamo wangu nauweka mapema msomaji usisumbuke kuutafuta: kibali kinaweza kumzuia mgeni mlangoni, hakiwezi kuamua waliomo ndani ni kina nani, na Manipur iliupata mlango kabla watu wake hawajakubaliana kuhusu hilo la pili. Gharama yake imekuwa kubwa.

Tuanze na huo mstari wenyewe ulitoka wapi.

Waingereza waliichukua Assam, jirani wa Manipur upande wa magharibi, 1826 baada ya mkataba wa Yandabo na Waburma. Miaka michache kabla, 1823, Mskoti mmoja anaitwa Robert Bruce alishajua kwamba mimea ya chai inaota yenyewe kule. Ikawa basi, 1838 zikatoka kanuni za kugawa ardhi iliyoitwa ya porini, 1839 ikaundwa Assam Company, na kuanzia hapo mashamba ya chai yakawa yanapanda taratibu kutoka bondeni kuelekea milimani. Sasa ile ardhi iliyoitwa ya porini haikuwa tupu. Ilikuwa ya watu wa milimani, ya kuwindia, ya kulima kwa kuhamahama, ya kupita kwenda masokoni. Na uhusiano wao na watu wa bondeni ulikuwa na utaratibu wake toka enzi za wafalme wa Ahom, baadhi ya makabila ya milimani yalikuwa na haki ya kushuka na kukusanya kitu kinaitwa posa, malipo ya mwaka kutoka vijiji vya chini, na Waingereza wenyewe walilazimika kuendelea kuyalipa. Juu ya chai kulikuwa na mpira. Ile miti ya asili ya mpira ilikuwa milimani na wafanyabiashara wa bondeni walikuwa wanapanda kugombania utomvu, wanakata miti hovyo, wanagombana na wenyeji, halafu vurugu zikianza serikali ndio inaitwa kutuma askari.

Januari 1871 watu wa Lushai, ambao leo tunawajua kama Wamizo, walishambulia shamba la chai la Alexandrapore wilaya ya Cachar. Wakamuua James Winchester na kumchukua binti yake mdogo Mary. Serikali ikatuma jeshi milimani mwaka huohuo mpaka 1872, mtoto akarudishwa, Wamizo wanamkumbuka mpaka leo kwa jina la Zoluti. Lakini jeshi kupanda milima ile ni pesa nyingi, ni wapagazi, ni tembo wa kubeba mizigo, ni magonjwa. Na kwa mtu wa hazina pale Calcutta swali likawa rahisi tu, kwa nini tunatumia hela yote hii kwa sababu mkulima mmoja wa chai amejisogeza mahali ambapo hatukumtuma?

Jibu ndio likawa kanuni ya 1873. Serikali inachora mstari, raia wa Uingereza (na hiyo iliwahusu Wahindi wote waliokuwa chini ya dola) haruhusiwi kuuvuka bila pasi. Akikamatwa mara ya kwanza faini isiyozidi rupia 100, akirudia faini mpaka 500 au jela mpaka miezi 3 au vyote viwili. Akikutwa na mpira, nta, pembe za ndovu au mazao mengine ya msituni, vinaweza kutaifishwa. Na asiye mwenyeji wa kule hawezi kupata ardhi ng'ambo ya mstari bila idhini ya serikali.

Ukiisoma hiyo orodha polepole unaona sheria inaogopa nini. Mpira, nta, pembe, ardhi, vyote ni mali na mapato. Utamaduni wa mwenyeji haumo. Mstari ulikuwa unamzuia mfanyabiashara asiwashe moto ambao serikali ingelipia kuuzima, na pia ulikuwa unaipa serikali nafasi ya kusema kule ng'ambo hatutawali siku kwa siku, hatukusanyi kodi kama bondeni, hatujengi mahakama, ila bado ni kwetu. Haukuwa mpaka wa dola. Na haukusimama sehemu moja, ulisogezwa pale maslahi yalipotaka. Wamisionari nao walipita. Kwenye milima ya Naga walifika mapema miaka ya 1870, kwa Wamizo 1894, na leo Mizoram karibu watu wote ni Wakristo. Kwa hiyo mtu akikwambia Waingereza waliweka Inner Line kulinda mila za wenyeji, muulize mila zipi zilizokatazwa kuguswa, maana dini ilibadilika yote ndani ya huo ukuta.

Hapa msomaji wa Kenya atakuwa ameshaanza kuona kitu anachokijua. Dola ileile ilikuwa na mtindo uleule Afrika Mashariki, sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 iliyoruhusu wilaya kufungwa na mtu asiingie bila leseni, halafu 1934 ikaja ya wilaya maalum, na Northern Frontier District ikawa nchi ndani ya nchi, kutoka Isiolo kwenda juu unahitaji ruhusa. Ila tofauti ni kubwa na inafundisha. Kaskazini mwa Kenya ule ufungaji uliwabana wenyeji wenyewe, mifugo yao, biashara yao, mwendo wao, na uhuru ulipokuja haikuisha, hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 ilikaa mpaka 1991. Hakuna Mborana au Msomali wa Wajir utakayemsikia anaomba ile sheria irudi. Kaskazini mashariki ya India mstari ulimbana zaidi yule wa kutoka bondeni, mwenyeji wa mlimani akabaki na ardhi yake, kwa hiyo uhuru ulipofika akaushika kama mali yake. Sababu za mkoloni hazikuwa nzuri zaidi kule kuliko huku, ila mlango ulifungwa kwa upande tofauti.

Baada ya uhuru India haikuifuta kanuni. 1950 walichofanya ni kubadilisha maneno, pale palipoandikwa raia wa Uingereza wakaandika raia wa India. Ikaendelea Nagaland, Mizoram na Arunachal Pradesh. Na kule kwa kiasi kikubwa inafanya kazi. Nenda Mizoram, jimbo lenye watu milioni 1 na kidogo kwa sensa ya 2011, vyama vya vijana na wanafunzi vinakagua vibali vyenyewe mpaka madukani, na karibu kila Mmizo atakuunga mkono hilo, maana ndani ya Mizoram kuna makubaliano mapana ya nani mwenyeji. Hofu yao ina jina, inaitwa Tripura. Tripura lilikuwa jimbo la kifalme la watu wa milimani, halikuwa na kinga hii, baada ya mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947 na vita ya Bangladesh ya 1971 wakaingia wakimbizi Wabengali kwa wingi, na sensa ya 2011 ikakuta makabila ya asili yamebaki karibu asilimia 32 tu kwenye nchi yao. Hiyo hofu siwezi kuidharau. Mtu aliyeona jirani yake anakuwa wachache kwake ana haki ya kuogopa.

Manipur sasa. Manipur ilikuwa ufalme wa Wameitei, bondeni Imphal, umezungukwa na milima wanakoishi Wanaga na Wakuki wa koo nyingi. Bonde ni kama sehemu moja ya kumi ya ardhi lakini lina zaidi ya nusu ya watu. Waingereza waliushinda ufalme 1891, wakaweka mtoto mdogo kwenye kiti, Churachand Singh, na wakatawala kupitia baraza la mfalme. Kwa kuwa ilihesabiwa ni ufalme na sio wilaya ya Assam, ile kanuni ya 1873 haikuihusu. Ilikuwa na utaratibu wake wa vibali vya wageni, watu wa nje wanaandikishwa na kulipa.

Kwenye kipindi hicho Waingereza wakafanya mambo mawili ambayo ukiyaruka huelewi chochote cha leo.

La kwanza waliwaingiza wafanyabiashara wa Kimarwari kutoka mbali, wakashika biashara ya mchele, na viwanda vya kukoboa vikawa vinasafirisha mchele nje wakati watu wa Imphal hawana cha kupika. Tarehe 12 Desemba 1939 wanawake wa soko wakaandamana mpaka ofisi za baraza, wakamzingira rais wa baraza, Mwingereza T. A. Sharpe, wakamtaka apige simu ya upepo kwa mfalme ambaye alikuwa safarini ili azuie mchele usitoke. Askari wakaletwa, wanawake wengine wakachomwa singe. Wameitei wanaiita Nupi Lan, vita vya wanawake, na 12 Desemba inaadhimishwa mpaka leo. Kwa hiyo hii hasira ya mgeni anayeshika soko ina kaburi lake na tarehe yake, wanasiasa wa juzi waliikuta. Ile amri ya 2019 ilisainiwa siku moja kabla ya kumbukumbu hiyo.

La pili, na hili ndilo baya zaidi kwa maoni yangu, walichora mstari mwingine ndani ya Manipur yenyewe. Milima wakaitenga na bonde, mfalme akabaki na bonde, milima ikaendeshwa na yule rais wa baraza Mwingereza. Mmisionari William Pettigrew alifika Imphal 1894, hakuruhusiwa kuendelea na kazi kwa Wameitei ambao ni Wahindu, akapelekwa Ukhrul milimani kwa Watangkhul. Wakuki walipoasi 1917 mpaka 1919 kukataa kupelekwa kufanya kazi za vita Ulaya, milima ikakatwa wilaya ndogondogo ili itawalike vizuri. Dini tofauti, utawala tofauti, sheria ya ardhi tofauti. Na baada ya uhuru hilo likabaki: mtu wa bondeni asiye wa kabila lililosajiliwa (yaani lililo kwenye orodha ya serikali ya makabila yanayolindwa) hawezi kununua ardhi ya mlimani kirahisi, sheria ya ardhi ya Manipur ya 1960 inamlinda mwenyeji wa mlimani. Watu wa milimani wanaishikilia hiyo sheria kwa mikono yote miwili, nawaelewa kabisa.

Mfalme Bodhachandra alisaini kuungana na India katika mji wa Shillong Septemba 1949, jambo ambalo Wameitei wengi mpaka leo wanasema alilazimishwa. Mwaka mmoja tu baadaye, 18 Novemba 1950, kamishna mkuu aliyeletwa kutoka serikali kuu akaufuta ule utaratibu wa zamani wa vibali. Hakukuwa na bunge la kuulizwa, ofisa mmoja alitosha. Tarehe hiyo ndio mwanzo wa kila hoja ya wanaodai kibali: tulikuwa na mlango wetu, ukaondolewa bila sisi kuulizwa, rudisheni.

Madai yalikuwa yanapanda na kushuka miaka mingi ila 2012 ikaundwa kamati ya pamoja ya kudai ILP (Inner Line Permit, ndivyo wenyewe wanavyokiita kibali, kwa herufi tatu) na mambo yakashika moto. Reli ilikuwa inasogea kutoka Jiribam kwenda Imphal na kwa watu wa kule treni maana yake ni mabehewa ya vibarua na wafanyabiashara kila siku. Julai 2015 mwanafunzi wa sekondari, miaka 16, akauawa kwenye maandamano Imphal na bomu la machozi la polisi. Mji ukafungwa, wanafunzi wakawa barabarani wiki kwa wiki, na 31 Agosti 2015 bunge la jimbo likapitisha miswada mitatu kwa mkupuo: wa kulinda watu wa Manipur, wa kurekebisha sheria ya ardhi, na wa maduka.

Bondeni watu wakashangilia. Milimani siku hiyohiyo wilaya ya Churachandpur ikalipuka. Nyumba za wabunge zikachomwa, polisi wakafyatua risasi, watu 9 wakafa. Familia zikakataa kuzika. Miili ikakaa siku 632, mpaka Mei 2017. Unajiuliza kwa nini, si miswada ni ya kuwazuia wageni, mtu wa Churachandpur inamuumaje? Inamuuma kwa sababu aliisoma akiwa na historia yake. Mswada wa kwanza ulisema mtu wa Manipur ni yule ambaye yeye au ukoo wake upo kwenye rekodi za 1951. Rekodi za 1951 bondeni zipo, milimani zilikuwa na mapengo makubwa, vijiji vingine havikuandikwa. Na Wakuki wamezoea kuitwa wakuja kutoka Burma hata kama babu wa babu alizikwa palepale. Halafu mswada wa ardhi aliuona kama mkono wa bonde unapapasa milima. Kwa hiyo karatasi ileile ambayo Imphal iliiona ngao, Churachandpur iliiona hati ya kufukuzwa. Miswada hiyo haikuwa sheria, Delhi haikuupa ule wa kulinda watu idhini. Mwaka 2018 bunge la jimbo likajaribu tena kwa mswada mwingine, nao haukufika.

Halafu ghafla 2019 kibali kinapatikana. Nini kilibadilika? Serikali kuu ilikuwa inasukuma sheria ya uraia, ile CAA, ya kuwapa njia ya uraia Wahindu, Masingasinga, Mabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo walioingia kutoka Afghanistan, Bangladesh na Pakistan mpaka 31 Desemba 2014. Kaskazini mashariki yote iliwaka, kwa sababu kule hawajali mhamiaji ni wa dini gani, wanajali anakuja wangapi. Guwahati, mji mkubwa wa Assam, ikawekwa amri ya kutotoka nje. Sasa muswada wenyewe ulisema hautatumika kwenye maeneo yaliyo ndani ya Inner Line ya 1873. Tarehe 9 Desemba waziri wa mambo ya ndani Amit Shah akasimama bungeni akatangaza Manipur nayo inaingizwa, siku mbili baadaye Rais akasaini. Wiki hiyohiyo Dimapur, mji wa biashara wa Nagaland uliokuwa umeachwa nje miaka yote, nao ukaingizwa. Na amri hiyohiyo ya Rais ikazitoa kwenye maandishi ya kanuni wilaya za Assam zilizokuwemo toka 1873, vyama vya wanafunzi Assam vikaenda mahakamani vikisema mmeifungia Assam mlango ambao ingeweza kuutumia.

Angalia mwendo wake. 1873 serikali ya Calcutta ilichora mstari kununua utulivu kwa bei nafuu. 1950 ofisa akaufuta utaratibu wa vibali wa Manipur kwa sababu serikali mpya ilitaka nchi moja isiyo na vizuizi. 2019 serikali ya Delhi ikaipa Manipur mstari ili sheria nyingine ipite bila Imphal kuungana na Guwahati barabarani. Mara zote tatu kilichoamua muda ni shida ya mtawala. Wenyeji wamepigania kwa damu, sikatai, ila kilichotoka kilitoka kwa wakati wa mwingine na kwa sheria ya mwingine, na kwa sababu kimekaa kwenye amri ya Rais, njia iliyokileta ndiyo hiyohiyo inayoweza kukiondoa.

Na kinafanya nini hasa? Kuna aina nne za vibali Manipur, vya muda mfupi, vya kawaida, maalum kwa wawekezaji na wakandarasi, na vya vibarua. Mtalii hapati shida kubwa. Anayebanwa ni kibarua wa kutoka Bihar au Assam, fundi ujenzi, muuza nguo, maana yeye lazima awe na mtu wa kumdhamini na kibali kiwe hai, akizubaa anarudishwa. Ndio aliyelengwa, sawa. Lakini mpaka wa Manipur na Myanmar, karibu kilomita 400 za milima na misitu, kibali hakiuhusu hata kidogo, kwa sababu Inner Line ni ya raia wa India wanaotoka majimbo mengine. Baada ya mapinduzi ya kijeshi Myanmar Februari 2021 watu walikimbia kuvuka, hofu ikapanda bondeni, na wale waliokuwa wameambiwa kwamba sasa tuna ulinzi wakakuta mlango walioupigania unaangalia upande mwingine.

Juni 2022 baraza la mawaziri la jimbo likaamua kwamba mwaka wa kupimia uenyeji kwa ajili ya kibali ni 1961, sio tena 1951. Ni nafuu kwa baadhi, lakini swali limebaki lilelile, familia ambayo haina karatasi ya 1961 inaonyesha nini? Mnepali aliyezaliwa bondeni na babu yake alikuwa askari kule? Mkuki ambaye kijiji chake kilihama mlima mmoja kwenda mwingine, kama vilivyohama siku zote?

Kuna na tatizo la kikatiba ambalo Wameitei wanalijua vizuri. Katiba ya India inampa raia haki ya kutembea na kuishi popote, na inaruhusu kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma au kulinda makabila yaliyosajiliwa. Wanaga, Wakuki, Wamizo wamesajiliwa. Wameitei hawamo. Kwa hiyo kibali cha Mizoram kimesimama kwenye mwamba na cha bonde la Manipur kimesimama kwenye hoja ya maslahi ya umma tu, na chama kimoja cha Wabengali kimeshakipinga Mahakama ya Juu, ambayo mwanzoni mwa 2022 iliitaka serikali ijibu. Hiyo ni moja ya sababu madai ya Wameitei kusajiliwa kama kabila yalizidi nguvu. Machi 2023 mahakama kuu ya Manipur ikaiagiza serikali ya jimbo ishughulikie madai hayo. Milimani wakalisikia hilo kama walivyosikia miswada ya 2015: Mmeitei akisajiliwa, ukuta wa ardhi ya mlimani unaanguka.

Tarehe 3 Mei 2023 maandamano ya wanafunzi wa milimani yakageuka mapigano, na yaliyofuata dunia iliyaona. Zaidi ya watu 200 wamekufa, kama 60,000 wakakimbia makwao. Askari wakakaa katikati ya bonde na milima, Mkuki hawezi kwenda Imphal hata kupanda ndege, anasafiri kwa gari masaa na masaa mpaka Aizawl huko Mizoram, na Mmeitei hawezi kukanyaga Churachandpur. Februari 2025 jimbo likawekwa chini ya utawala wa Rais, yaani likaendeshwa moja kwa moja na Delhi. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege vibali viliendelea kugongwa muhuri kwa watu wa Delhi, wakati majirani wa jimbo moja hawawezi kuvuka kilomita chache.

Sisemi kibali ndicho kilichosababisha vita. Sababu ni nyingi, kuna ardhi, kuna misitu iliyotangazwa hifadhi, kuna mashamba ya kasumba, kuna silaha. Ninachosema ni kwamba miaka yote ile ya kudai mlango wa nje, nguvu na damu na vijana vilitumika pale, na ule mstari wa pili, wa bonde na mlima, ambao Waingereza waliuacha ndani ya nyumba, hakuna aliyekaa chini kuumaliza. Badala yake kila hatua ya kudai mlango ililazimisha jimbo kuandika nani mwenyeji, na kila ilipoandikwa upande mmoja ulijikuta nje ya sentensi.

Na kuna jambo ambalo watetezi wa kibali hawalipendi lakini naliamini: popote wenyeji walipobaki na nchi yao kaskazini mashariki, kazi kubwa imefanywa na sheria ya ardhi. Kibali ni msaada. Mgeni mwenye kibali anayekaa miaka kumi lakini hawezi kununua hata kipande hawezi kukuhamisha. Mgeni asiye na kibali anayeweza kununua atakuhamisha kwa hati halali. Hata kanuni ya 1873 yenyewe, iliyotungwa na watu wasiompenda mwenyeji, uzito wake uliobaki ni kile kifungu cha ardhi.

Meghalaya, jimbo lingine la kaskazini mashariki ambalo mji wake mkuu ni Shillong, sasa ndio wako foleni. Bunge lao lilipitisha azimio 19 Desemba 2019 kwa sauti moja kuomba Inner Line, Delhi haijawapa, na chama cha wanafunzi wa Kikhasi kinasema reli haitapanda milima yao mpaka kibali kije kwanza. Wana sheria yao ya 1971 inayozuia ardhi ya kabila kwenda kwa asiye wa kabila, na wana mabaraza ya wilaya ya Wakhasi, Wajaintia na Wagaro yanayotambuliwa na katiba. Wakipata kibali bila kuilegeza ile ya 1971, na wakikubaliana wao kwa wao kabla ya siku hiyo kuhusu Mnepali na Mbengali waliozaliwa Shillong, watakuwa wameanzia mahali ambapo Manipur haikuwahi kufika.